Posa ya Tatu

Baba alipovua kofia yake kule kibarazani na kuiweka gotini, nikajua keshakata tamaa.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja na nusu za jioni, na tuliahidiwa kuwa watu wa Qasim wangefika mara tu baada ya sala ya alasiri. Nyumba yetu ya Kikwajuni ilikuwa imejaa. Wazee watatu, jamaa zake baba, walivuka kutoka kisiwa cha Tumbatu tangu alfajiri, wakapanda gari Mkokotoni mpaka mjini, na sasa wamekaa ukumbini kwenye mkeka na kanzu zao zilizopigwa pasi, wakitazamana. Jikoni sufuria la biriani lilikuwa limefunikwa, makaa juu ya kifuniko yameshageuka majivu. Sambusa zilikuwa baridi. Barafu ya sharbati imeyeyuka yote.

Mimi nilikuwa chumbani, kwenye dirisha la kibarazani, na hina yangu ya tangu jana, nikiipiga simu ile ile kwa mara ya kumi na tisa. Haipatikani.

"Usipige tena," alisema shangazi Kazija, dada yake baba, aliyekuwa kakaa kitandani anajipepea. "Mwanamme anayetaka kuoa hatafutwi kwa simu. Hii mara ya ngapi, Radhiya?"

"Ya tatu, shangazi."

"Ya tatu! Ile ya kwanza alikuwa wakili, ati kesi imemshika. Ya pili alikuwa mheshimiwa, ati vikao vya Baraza. Na leo?"

"Leo anaigiza. Ile tamthilia, shangazi. Si unamwona kila Alkhamisi?"

"Namwona. Hodari kweli kweli. Akilia na mimi nalia." Akaacha kujipepea. "Lakini hapa ukumbini hatujamwona."

Nikaipiga tena ile simu.

Nilikutana na Qasim Noorali mahakamani Vuga, miaka minane nyuma. Mimi ni mpima ardhi. Niliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya mpaka wa kiwanja, na yeye alikuwa wakili wa upande wa pili. Alinihoji saa nzima. Alizunguka, akarudi, akanitega, akacheka, akajitia kukasirika, yote kwa ile sauti yake nzito isiyo na haraka, na mimi kila swali nikamjibu kwa vipimo. Kesi ikamshinda. Nilipotoka nje nilimkuta ananingoja na glasi mbili za juisi ya miwa.

"Bi shahidi," alisema, "leo ndiyo mara yangu ya kwanza kushindwa nikafurahi."

Ningeondoka pale pale ningekuwa nimejiepushia mengi. Niliipokea ile juisi.

Wakati huo jina lake lilikuwa limeanza kuvuma. Watu walipanga foleni kwenye ngazi za ofisi yake. Kisha wakamwambia agombee, akagombea, akawa Mwakilishi miaka mitano. Kipindi kilipomalizika hakugombea tena, na ofisi yake ya uwakili hakuifungua. Alisema kachoka na mafaili. Mtu mmoja anayetengeneza tamthilia akamwomba acheze jaji kwa siku moja tu, kwa ajili ya sauti yake. Siku moja hiyo imekuwa miaka miwili. Sasa Qasim hawezi kununua embe sokoni Darajani bila ya kina mama kumzunguka.

Na kote huko mimi nilikuwa namngoja. Mbele ya watu sababu ilikuwa kesi, ikawa vikao; baina yetu, kila nilipomuuliza lini, jibu lilikuwa moja: mama. Mama yake, Bi Naznin, hataki mkwe asiye wa jamaati yao ya Kihindi. "Nipe muda, Radhiya," alikuwa akinambia. "Mama yangu Mhindi wa zamani, mambo ya ukoo hayamtoki." Nikampa muda. Nikajifunza kumchukia mwanamke ambaye sijapata kukaa naye hata dakika moja. Ndiyo maana Qasim aliponipigia Alkhamisi na kusema, "Mama kakubali, Jumamosi tunakuja," nililia mpaka nikashindwa kuishika simu.

Nikasimama, nikavaa baibui langu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza shangazi.

"Kumtafuta."

"Radhiya! Wageni wako nje!"

"Wageni ni hao wanaotoka kwao Qasim, Kiponda, shangazi. Nakwenda kuona kama wamepotea njia."

Nilitokea mlango wa uani, nikawasha vespa yangu, nikaondoka.

Nilijua watu wa tamthilia walikuwa wanapiga picha huko huko Kiponda, katika nyumba moja kongwe, kichochoro cha tatu baada ya msikiti. Nilipofika, Msabah, yule mtengenezaji wa tamthilia, alikuwa mlangoni anakunja waya.

"Bi Radhiya! Umechelewa mwenzangu. Leo tumepiga picha za nikaha, ndoa yenyewe. Bwana harusi katutoa machozi sote."

"Mmemaliza saa ngapi?"

"Tangu saa saba."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Saa saba ya mchana?"

"Ndiyo. Mwenyewe yuko juu, roshanini. Nimemwomba joho langu mara tatu, ananambia bado kidogo, bado kidogo." Akautazama uso wangu, akaacha kutabasamu. "Kuna jambo?"

Nikapanda ngazi.

Alikuwa kakaa peke yake kwenye kiti cha mbao, joho jeusi la tarizi ya dhahabu mabegani, kilemba kichwani, jambia kiunoni. Wallahi alipendeza. Kabla hasira haijanifikia, ilinifikia kwanza ile nyingine ninayoijua kwa miaka minane, ya kutaka kwenda kumweka sawa kile kilemba kilichomwendea upande. Akageuka. Macho yake yalinitazama usoni, yakashuka mikononi mwangu, yakaiona hina, kisha akayaangusha chini.

"Radhiya."

"Naam."

"Nilikuwa nataka kukupigia."

"Simu yako imezimwa."

"Nimeizima mimi."

"Baba kavua kofia, Qasim. Wazee wametoka Tumbatu alfajiri. Na wewe umekaa hapa karibu saa tano na nguo za harusi ya uongo. Hebu nieleze. Nieleze taratibu, maana leo akili yangu nzito."

"Mama kakataa."

"Alkhamisi si ulinambia kakubali?"

"Nilidhani nitamgeuza. Nimesema naye Alkhamisi, jana, leo asubuhi. Hataki. Na ammi Shabbir, ndugu yake marehemu baba, hawezi kuja kuposa bila ya mama. Unawajua watu wetu. Jamaati, ukoo... na wewe mtu wa Tumbatu..."

"Mtu wa Tumbatu kafanya nini?"

"Sina maana hiyo."

"Ndiyo maana hiyo hiyo! Ulishindwa kunipigia saa saba? Kuniambia tu, Radhiya, usipike? Ningeumia, lakini baba yangu asingekaa kibarazani anatazama kila gari inayopita."

Aliinuka akanijia, mkono kaunyoosha. "Nilikaa hapa kwa sababu nikivua nguo hizi itabidi nije nikwambie. Sikuweza. Nipe mkono wako."

"Usinishike. Hina haijakauka."

Ilikuwa imekauka tangu jana, na yeye aliliona hilo. Akaurudisha mkono wake.

"Ulisimama mahakamani ukamsemea mwizi wa mbuzi mpaka hakimu akamwonea huruma," nikamwambia. "Ulisimama Baraza la Wawakilishi ukasemea maji, ukasemea skuli, ukasemea barabara. Leo umesimama mbele ya kamera ukasema nimekubali kumwoa, kwa mwanamke ambaye mumewe kakaa chini pale anakula urojo. Mimi tu ndiye huna neno la kunisemea?"

"Radhiya, tafadhali."

"Twende kwa mama yako."

Uso wake ukabadilika. Niliufahamu vibaya wakati ule; nilidhani anamwogopea mama yake. "Usiende. Nakuomba. Utamuudhi."

"Nshaudhika mimi. Ananizidi nini?"

Nilishuka. Nyumba ya mama yake haikuwa mbali, vichochoro vinne tu, juu ya duka la vitambaa aliloliacha marehemu mzee Noorali. Nikaiacha vespa pale pale nikenda kwa miguu, na Qasim akanifuata na joho lake, ananiita kwa sauti ya chini. Ilikuwa aibu ambayo siisahau. Wanawake waliokaa vibarazani walimtambua wakapiga vigelegele. "Hongera bwana harusi!" mmoja akapiga kelele. "Biharusi ndiye huyo? Mbona anakukimbia?" Wakacheka. Walidhani tumo kwenye tamthilia.

Bi Naznin alikuwa kakaa juu karibu na dirisha, ungo wa mchele mapajani. Mwanamke mwembamba, mvi zake kazisuka mkia mmoja. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, lakini heshima ikanitangulia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, Radhiya."

Nikashtuka. "Unanijua?"

"Nnakujua. Mwaka ule ulikuja dukani ukanunua kitambaa cha lasi yadi tatu. Hukuitazama lasi hata kidogo, ulikuwa unanitazama mimi. Kaa, mwanangu."

Sikukaa. "Mama, nimekuja kukuuliza neno moja, kisha niende zangu. Baba yangu ni baharia mstaafu, mtu wa Tumbatu, hana ukubwa wowote. Lakini hajapata kumvunjia mtu ahadi, na tangu alasiri kakaa na wazee wake anakungojeeni. Unatukataa kwa kosa gani? Rangi yetu au ukoo wetu?"

Vidole vya Bi Naznin vikasimama juu ya mchele. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa kasimama mlangoni.

"Umemwambia hivyo?"

Qasim akalivuta joho lake mabegani.

"Nnakuuliza, Qasim. Umemwambia mimi namkataa kwa ukoo?"

"Mama, si kwa maneno hayo..."

"Kwa maneno yepi? Maneno wewe unayo mengi."

Nikakaa, bila ya kupenda, kwenye kiti alichonikaribisha.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Bi Naznin, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Mimi tangu mwaka wa kwanza nilimwambia, mlete nimwone. Hakukuleta. Nikadhani wewe ndiye hutaki. Alkhamisi kaja kanambia twende kwa baba yako. Nikafurahi. Nikamuuliza, baba wa watu akikuuliza unafanya kazi gani utamwambia nini? Akasema, tamthilia inamalizika mwezi ujao, labda nende Dar, labda nirudi ofisini, labda nigombee tena. Labda, labda, labda." Akausukuma ungo pembeni. "Sina neno na tamthilia. Kazi ni kazi. Lakini mtoto wangu namjua. Uwakili kauacha ulipokuwa umekaa vizuri. Siasa kaiacha watu walipokuwa wamemzoea. Na hii ataiacha. Sasa mimi niingie nyumba ya watu, nikae mbele ya mzee mwenzangu, nimwambie mpe mwanangu binti yako, ametulia? Ntakuwa nasema uongo, na mwenye kuja kulia utakuwa wewe. Nilimwambia sikatai. Nilimwambia kaa pahala pamoja mwaka mmoja tu, mimi ntakwenda Kikwajuni kwa miguu yangu."

Nje mtu alipita na kengele ya baiskeli. Nilikuwa nayatafuta machozi yangu siyaoni. Miaka minane nilibeba chuki juu ya mwanamke huyu, na kumbe alikuwa anasema kwa sauti kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakisema moyoni nikijificha.

"Radhiya," alianza Qasim. Nikaisikia ile sauti inashuka, inajipanga, na mkono wake wa kulia ukainuka kidogo kama ulivyokuwa ukiinuka mahakamani. "Miaka minane nimekubeba ndani ya kifua changu kama mtu anayebeba taa kwenye..."

"Usiseme," nikamkatiza. "Hiyo nimeisikia Alkhamisi iliyopita. Umemwambia Shahida kwenye tamthilia, na shangazi yangu alilia. Mimi niambie kitu ambacho hakuna aliyekuandikia. Kwa nini ulinidanganya?"

Alikivua kile kilemba. Bila ya kilemba alionekana kachoka, mtu wa miaka arubaini na mbili mwenye nywele zilizolowa jasho. Nilipomtazama nikaona kweli kweli anatafuta, hapati.

"Kwa sababu ukimchukia mama, mimi hunichukii," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa nyengine, nyembamba, sijapata kuisikia. "Nilijua anasema kweli. Nilijua ukikaa naye saa moja tu utaniona vile anavyoniona yeye. Mimi kila ninachokianza nakiacha, Radhiya. S'jui kwa nini. Nikikizoea tu, naanza kuona mlango wa kutokea. Wewe sijakuanza. Ndiyo maana sijakuacha."

Mtu angenichoma kisu ningekuwa nimepata nafuu. Na juu ya hayo, nilitaka kumkumbatia. Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilonipa tangu ile juisi ya miwa, na lilikuwa linaniambia niondoke.

"Nimekufahamu," nikasema. "Ahsante."

Nikainuka, nikambusu Bi Naznin mkono, nikaelekea kwenye ngazi. Nilikuwa nishashuka vidato vitatu nilipomsikia yule mama ananiita.

"Ningoje."

Alikuwa anavaa baibui lake.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza Qasim.

"Kwa mzee wa watu. Amekaa tangu alasiri."

"Nikufuate?"

"Unifuate uwe nani?" Akakifunga kishikizo cha shingoni. "Wewe karudishe nguo za wenyewe."

Tulitembea pamoja mpaka kwenye vespa. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Mara ya mwisho kupanda kitu hiki nilikuwa biharusi," kisha akapanda upande upande, akanishika kiunoni kwa nguvu, na kila tulipokata kona alikuwa anasoma dua masikioni mwangu.

Baba alituona kutoka kibarazani. Alisimama. Wazee wa Tumbatu nao wakatoka ukumbini, wakachungulia nyuma yetu kutafuta wanaume, mahari, trei za peremende. Hapakuwa na mtu. Bi Naznin akapanda ngazi ya kwanza ya kibaraza akasimama hapo hapo.

"Assalaamu alaykum, mzee Shaame. Mimi mama yake Qasim."

"Waalaykumu ssalaam. Karibu ndani, bibi."

"Sikuja kuposa," alisema. "Sitaki nikae kwenye mkeka wako ukadhani nimekuja kwa hilo. Nimekuja kukuomba radhi. Mwanangu kakuwekeni toka alasiri na alijua tangu asubuhi kwamba hatutokuja. Binti yako hana kosa. Wazee hawa hawana kosa. Aibu hii ni yangu mimi na mwanangu."

Baba si mtu wa maneno mengi. Miaka thelathini kwenye vyumba vya injini za meli ilimzoesha kunyamaza. Nilijua alikuwa na hasira, maana kidevu chake kilikuwa kinacheza. Alimtazama yule mwanamke aliyepanda vespa na umri wake kuja kusema maneno yale mbele ya wageni.

"Bibi," alisema, "umekula?"

"Sijala."

"Kazija! Pakueni biriani."

Tukala. Wazee ukumbini, wanawake chumbani, sinia moja. Shangazi Kazija aliukaza uso wake mpaka tonge la tano, kisha ukamshinda.

"Dada, nikuulize. Yule mwanao, kwenye ile tamthilia, atamwoa yule binti au hamuoi?"

"S'jui, dada yangu," alijibu Bi Naznin. "Mimi siitazami."

Shangazi akacheka, akamsogezea kipande kikubwa cha nyama. Nikainuka nikajitia nakwenda kutafuta maji, nikasimama uani nimeushika ukuta. Hapo ndipo machozi yalipokuja.

Jua lilikuwa limeshazama niliposikia mtu anabisha hodi. Nilijua ni Qasim. Nilinawa uso, nikaenda kufungua.

Alikuwa kavaa shati jeupe lililokunjana. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Naweza kuingia?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, kama aliyelitarajia jibu. "Nataka niseme na baba yako. Mwenyewe."

"Mtu hajiposi, Qasim. Na mama yako hajasema ndiyo."

"Si posa. Nimuombe radhi."

"Kakuombea mama yako. Baba kasikia. Leo usimchoshe tena."

Alinitazama, na mimi nikamtazama. Pale mlangoni hapakuwa na kamera, na hakimu hakuwapo, na uso wake haukujua ukae vipi. Nilimpenda. Ningependa kuandika kuwa mapenzi yaliniisha siku ile, lakini hayakuisha. Yalikuwepo yote, na hayakuwa na kazi ya kufanya.

"Mwaka mmoja," alisema. "Kama alivyosema mama. Ntafungua ofisi. Au ntabaki kwenye tamthilia, kimoja tu, nikae nacho. Utaningoja?"

Miaka minane nilikuwa nalijibu swali hilo kabla hajalimaliza. Safari hii lilikaa mdomoni kwangu, na kila nilipotaka kusema ndiyo niliwaona wale wazee wanachungulia nyuma ya vespa yangu.

"S'jui," nikamwambia. "Kweli, Qasim, s'jui."

Kutoka ukumbini ikaja sauti ya baba.

"Radhiya! Nani huyo mlangoni?"

Qasim akajiweka sawa shati lake. Nikamtazama mara moja tena, kisha nikageuza uso wangu ndani.

"Mtoto wa Bi Naznin, baba," nikajibu. "Kaja kumchukua mama yake."